Ngoma Inapobeba Hadithi

Huku Miono, kabla ngoma haijapigwa hupashwa moto. Mpigaji huwasha makuti makavu, akaisogeza ngozi karibu na moto, akaigonga kwa vidole, akasikiliza, akairudisha tena mpaka mlio ukaze. Shughuli imekwisha kuanza. Na mwali anapotolewa, hakuna anayesema tusimamishe mambo kwanza tuimbe: wimbo ndio unaomfunda.

Basi filamu za nyimbo za Hollywood zisitutishe. Chukua The King and I ya mwaka 1956, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Rodgers na Hammerstein wa 1951. Mwalimu wa Kiingereza yuko katika jumba la mfalme wa Siam, wakati mabeberu wa Ulaya wanainyemelea nchi hiyo. Watu huzungumza; mazungumzo yakiwaelemea, huimba. Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kile ambacho watu wa jumba wanacheza hadithi ya watumwa wa Marekani mbele ya wageni. Humo, kwa kivuli cha hadithi hiyo, binti aliyeletwa kuwa mali ya mfalme anamwambia mambo ambayo kwa maneno makavu asingethubutu. Thailand yenyewe, ndiyo hiyo Siam, iliipiga marufuku filamu hiyo, ikiona mfalme wake amevunjiwa heshima.

Sasa isome tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji. Kuna njaa, kuna shamba la pamba la Mjerumani, kuna mnyapara. Kinjeketile anachukuliwa na pepo Hongo, anazama majini, anatoka siku ya pili nguo zikiwa kavu. Baadaye anashtuka kuambiwa kwamba kinywa chake kilisema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Sauti haikuwa yake! Mwigizaji akipiga kelele tu hapo, ameharibu. Pwani tunajua kila pepo ana ngoma yake, na asipopigiwa hiyo hapandi. Kwa hiyo mpigaji naye ni mhusika, hakai pembeni kusindikiza.

Nasi tunayo hadithi yetu ya vita: si mbali na Miono, pale Saadani, mtawala wa huko Bwana Heri alipigana na Wajerumani hadi 1890. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita vile vya Mrima utenzi, na utenzi hutungwa kwa ajili ya sauti. Atakayeupandisha jukwaani huku asianze kutafuta okestra. Atafute makuti makavu.