Mabomu Yaliyowaangukia Swala wa Saanane

Anayesimama katika stesheni ya Dodoma yuko mbali sana na Ziwa Viktoria, lakini reli iliyo mbele yake yaweza kumfikisha huko. Reli ya Kati hukata uwanda huu mkavu wa Wagogo hadi Tabora, na kutoka Tabora tawi lililokamilika mwaka 1928 huelekea Mwanza. Wakati wa Vita vya Kagera njia hiyo ilikuwa mshipa wa damu. Jeshi lisilo na mafuta haliendi popote. Ndiyo sababu adui aliyatupia jicho maghala ya mafuta ya Mwanza.

Machi 1979, nduli Idi Amin akiwa amekwisha kulemewa, Muammar Gaddafi wa Libya alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 ayaondoe majeshi yake Uganda. Mwalimu alikataa. Tarehe 29 Machi, Libya ikatuma angani ndege ya Tupolev Tu-22.

Ndege hiyo haikuwa ya mchezo. Iliundwa Urusi na kuruka mara ya kwanza mwaka 1958. Ilichukua wanajeshi watatu, injini zake mbili zilikuwa mkiani, na mwendo wake ulipita ule wa sauti. Hata hivyo, siku ile ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia Kisiwa cha Saanane, penye bustani ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Maghala yalisalimika.

Tusicheke upesi. Kisiwa hicho kiko karibu mno na mji. Kosa dogo la upande wa pili lingezifikia nyumba zenye akina mama na watoto.

Siku chache baadaye ndege zetu za MiG-21 zilijibu kwa kuyapiga maghala ya mafuta nchini Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa. Tu-22 za Libya ziliendelea kutumika nchini Chad. Mwaka 1986 moja ilipiga uwanja wa ndege wa N'Djamena. Mwaka 1987 nyingine ilitunguliwa kwa makombora ya Wafaransa juu ya mji huo huo.

Saanane nayo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013. Wazazi wawapelekapo watoto wao huko kuwatazama wanyama, wawasimulie pia habari ya siku ile.