Busara ni Kuona

Ni machache maneno yatajwayo katika mikutano yetu kama neno busara. Mwananchi akilalamika, huombwa atumie busara. Jambo likiwa zito, huambiwa kuwa wakubwa wataliangalia kwa busara. Aghalabu neno hili hufuatana na hekima, kana kwamba mawili hayo ni pacha. Yafaa tuulize: busara ni nini hasa, nayo imetoka wapi?

Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni herufi tatu: ba, sad na ra. Katika lugha hiyo basar ni kuona kwa jicho, na basira ni kuona kwa moyo, yaani kuyatambua yaliyo nyuma ya yaonekanayo. Ndiyo maana Al-Basir, mojawapo ya majina matukufu ya Mwenyezi Mungu, ni Mwenye kuona. Asili ya busara, basi, ni macho.

Hekima yatoka kwingine. Nduguze ni hukumu, hakimu na mahakama, ukoo wa kuamua. Kwa hiyo maneno haya si pacha. Hekima hukata shauri. Busara hutangulia ikaona. Hakimu asiyeona atahukumu nini?

Wala fikra hii si ngeni katika Kiswahili. Kitenzi kuona ni cha Kibantu; Wazulu nao husema bona. Tusemapo "naona tungoje", hatutaji habari ya macho bali tunatoa rai. Na wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi.

Hapa ndipo lilipo funzo kwetu sisi wa visiwani. Karatasi itokayo kijijini hadi afisini yaweza kusema kuwa kisima kina maji. Lakini afisa aliyevuka kutoka Mkokotoni hadi Tumbatu, au aliyepanda mashua kwenda Kojani, akakiinamia kisima chenyewe na kusikia ndoo ikigonga mchanga, anajua jambo ambalo karatasi hailijui. Asiyevuka aweza kuwa mwaminifu na msomi. Ila akisema kuwa ameamua kwa busara, amejipa sifa ambayo bado hajaichuma.

Nasi wananchi hatukosi lawama. Mara ngapi mgeni wa serikali amefika, tukamfagilia njia na kumwonyesha palipo pazuri, kisha akiondoka tukamlaumu kwa kutoona? Amfichaye kiongozi kidonda humnyima busara kwa mkono wake mwenyewe.

Tunashauri, kila neno hili litajwapo katika kikao, liulizwe swali moja: ni nani aliyekwenda kuona? Jibu likikosekana, uamuzi na ungoje mpaka mtu aende.