Nyama ya Idi ni Amana

Kila inapowadia Idi Kubwa, nyua za Kinondoni na Temeke hujaa takbira na harufu ya nyama. Jambo hilo latufurahisha. Lakini hutuhuzunisha kuona fungu la maskini limebaki ndani ya beseni tangu asubuhi mpaka alasiri, likingoja mtu wa kulipeleka.

Yafaa tujue kuwa mnofu huo umetokana na kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao ni bakteria. Ng'ombe hawezi kumeng'enya majani peke yake. Ndani ya tumbo lake la kwanza, katika kila kijiko cha maji yake, wamo bakteria kwa mabilioni. Hao ndio wayavunjao majani anayoyacheua, yakawa lishe ya mwili wake. Subhanallah!

Lakini waliokuwa rehema tumboni huwa madhara juu ya nyama. Kisu kikitoboa utumbo, huenea. Na wengine hutoka mikononi mwetu, ngozini na kwa nzi. Katika joto la mji wetu, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa hesabu hiyo, mmoja aliyeingia saa 3 asubuhi aweza kuwa zaidi ya milioni 2 itimiapo saa 10 alasiri. Wala tusijidanganye kuwa moto huondoa yote: wako waachao sumu isiyokwisha kwa kuchemshwa.

Mtume (S.A.W.) aliwahi kuwakataza watu kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku 3, kwa ajili ya wahitaji waliofika Madina, baadaye akawaruhusu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Basi akiba ni halali, na wazee waliijua njia yake. Chumvi na jua huondoa maji, na pasipo maji bakteria hawazaliani. Wasomali na Waborana hukausha vipande vyembamba, wakavikaanga na kuvihifadhi katika mafuta, ndiyo nyirinyiri. Friji nayo huwapunguzia mwendo tu, haiwaui.

Kwa hiyo, fungu la maskini litangulie kutoka, ndipo letu lihifadhiwe. Katika Suratul Baqara tumekatazwa kukusudia kibaya ndicho tukitoe. Tusimpe jirani kile ambacho sisi wenyewe tungekikataa.

Mwenyezi Mungu azikubali dhabihu zetu, na azifikishe kwa wanaostahiki zikiwa nzima. Amin.