Mududu wa mikasi: kumukamata ni rahisi, kumuzalisha njo matata

Mokambo, pale territoire ya Sakania inapogusana na Mufulira ya Zambia, unga unapita, baiskeli zinapita, na usiku wadudu nao wanapita, bila kuonyesha karatasi kwa mutu. Mumoja kati yao anaogopesha sana: ana manyoya, rangi ya udongo, anakimbia mbio, na mudomoni anabeba mikasi miwili mikubwa. Wengi wanamwita tu "buibui mukubwa". Jina lake la kitabu ni solifuji, maana yake "anayekimbia jua". Kuko wanaomwita buibui wa ngamia.

Tunamuandika leo kwa sababu Ulaya na Marekani kuko watu wanaofuga wadudu wa namna hii nyumbani, na wanawanunua. Kijana asiye na kazi akisikia vile, anaweza kusema: "Basi tukamate, tuzalishe, tuuzishe, feza itaingia." Tumefuata jambo hilo kwa karibu. Faida iko mbali kuliko inavyoonekana.

Hana sumu, hata kama banasema

Kwanza tuondoe bongo. Solifuji si buibui wa kweli, na si nge, hata kama wote ni jamaa moja. Duniani kuko aina zaidi ya 1.000. Ukihesabu miguu utasema iko kumi, lakini ile miwili ya mbele ni ya kupapasa na kukamata. Hana sumu. Akikuuma, mikasi inaweza kutoboa ngozi. Osha kidonda muzuri na maji na sabuni. Na akikufuata muchana, si hasira: anatafuta kivuli, na kivuli kilicho karibu ni chako.

Ndani ya bokali

Wengi wanamutia ndani ya bokali tupu. Hapo njo kifo kinaanza. Solifuji ni mutu wa shimo: anachimba, anajificha muchana, anatoka usiku kuwinda. Anahitaji udongo wa kina, juu mukavu, chini na unyevu kidogo. Bila udongo, anakimbia usiku kucha, anakwaruza kioo, mpaka nguvu inaisha.

Chakula nacho ni mutego. Anakula mende, panzi, na muchwa kwa wingi, lakini hajui kuacha. Ukimwaga chakula mingi, anakula mpaka tumbo linajaa kama puto, na kutembea kunakuwa shida. Afazali kidogo kidogo.

Kisha kuko umri. Aina nyingi zinaishi karibu mwaka mumoja tu. Yule dume unayemuona akizunguka usiku mara nyingi amekwisha kukomaa. Anatafuta jike, na siku zake zimebaki chache. Hata ukimutunza kama mutoto, atakufa.

Mayai yanakuja, wazao hawafiki

Kuwapatanisha dume na jike ni hatari: jike akiwa na njaa, bwana anageuka chakula. Kama mambo yameenda sawa, jike anachimba shimo na kutaga mayai, mara nyingi kati ya 50 na 200. Yakipasuka, watoto ni weupe, wanalala tu bila kuwinda, mpaka wabadili ngozi. Udongo ukikauka sana, wanakufa. Ukilowa sana, kuvu inawamaliza. Wakianza kukimbia, wanakulana. Kila mumoja anataka nyumba yake na chakula chake kidogo sana. Piga hesabu: watoto mia, mikebe mia.

Hata wanasayansi walipata taabu. Profesa John Cloudsley-Thompson, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Khartoum tangu 1960 mpaka 1971, aliwachunguza wale wa Sudani. Mwaka 1998, Fred Punzo wa Chuo Kikuu cha Tampa, Marekani, alitoa kitabu kizima juu yao. Elimu iliongezeka, lakini hakuna shamba lililotoka humo. Wanaouzwa ng'ambo, karibu wote walikamatwa porini.

Faida ni ya nani?

Kwa hiyo anayesema "mimi ninafuga solifuji" mara nyingi anangoja tu wafe, kisha anaagiza wengine. Biashara ya vile haijengi kijiji. Mukamataji anapata kidogo, anayesafirisha anapata zaidi, na pori linapoteza muwindaji wa muchwa.

Solifuji hayuko kwenye orodha ya CITES, ile mapatano ya dunia juu ya biashara ya viumbe. Nge mukubwa mweusi wa Afrika Magharibi yuko. Lakini kukosa jina pale si ruhusa. Jirani Tanzania ilisimamisha mwaka 2016 kusafirisha wanyama pori hai. Kwetu iko Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe na mazingira. Mbele ya kuvukisha kiumbe hai mupakani, pitia kwanza ofisi ya Mazingira. Ukikamatwa, yule munuzi wa ng'ambo hatakuja kukusaidia.

Masomo yanaweza kumutumia. Mwalimu amuweke usiku mumoja ndani ya beseni ya plastiki yenye udongo, watoto waone mikasi inavyofanya kazi, kesho yake magaribi arudishwe pale alipotoka.

Na akiingia nyumbani, usimupige kiatu. Mufunike na kopo, pitisha kartoni chini, mupeleke inje. Mende watajua kama amerudi kazini.