Kenya: Umeme wa Kiwanda na Hesabu Yake

Katika nchi jirani ya Kenya, kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliagiza kwamba kila kiwanda kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati walau mara moja kila miaka 3.

Shabaha ya agizo hilo ni dhahiri. Ankara ya mwezi huonyesha jumla tu, wala haisemi umeme umepotelea wapi. Lakini mita ikiwekwa katika kila idara, na hesabu yake ikalinganishwa na tani za bidhaa zilizotengenezwa, upotevu hufichuka: bomba la hewa linalovuja, au mota inayozunguka bure wafanyakazi wakiwa mapumzikoni.

Askari wanaufahamu utaratibu huu. Dereva wa kikosi huandika kilomita na lita za mafuta. Pasipo daftari hilo, si wizi wala ubovu wa injini utakaogunduliwa mapema.

Hata hivyo, ukaguzi unaoishia kabatini hauokoi kitu. Ndiyo maana kanuni hizo zilitaka walau nusu ya akiba iliyobainishwa na wakaguzi ipatikane kwa vitendo. Hilo ni fundisho kwa kila mwenye dhamana ya mali ya umma.