Rekodi za Makali: Kutoka Turkana Hadi Mtaa wa Kongo

Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mnoaji anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, kisu cha buchani kinatoa cheche. Anakimwagia maji, anapitisha kidole gumba ubavuni mwa makali, hajaridhika, anarudia. Kazi hii ina ukoo mrefu, na rekodi zake kubwa ziko kwetu.

Zana kongwe kuliko zote zilizokwisha kupatikana ni za Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana: miaka milioni 3.3. Sonia Harmand na wenzake waliziona mwaka 2011. Ni nzito ajabu. Jiwe moja lina kilo 15. Enzi hizo hakuna aliyenoa. Kipande kikiwa butu, unagonga kingine.

Umbo lililodumu kuliko yote ni shoka la mkono, lililochongwa pande zote mbili. Lilianza Turkana hukohuko, miaka milioni 1.76 iliyopita, likatumika zaidi ya miaka milioni. Kwangu mazuri kupita yote ni ya Isimila, karibu na Iringa.

Ukali? Hapo hakuna wa kuishinda obsidiani, kioo cheusi cha volkano. Kipande kilichobanduliwa sasa hivi hukata kuliko wembe wa chuma. Wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa waliichimba karibu na Naivasha, nayo ikafika hadi Serengeti.

Lakini makali hayo hayakati mti, yanamong'onyoka. Ndipo likaja shoka la kusugua. Kongwe linalojulikana ni la Australia, miaka zaidi ya 44,000. Wakulima wa mwanzo wa Ulaya walilitegemea kufyeka misitu: jiwe linachongwa, kisha linasuguliwa juu ya mwamba wa mchanga uliolowa maji, mbele na nyuma, saa nyingi, hadi mwamba wenyewe unabaki na mifereji. Kusugua hakukuongeza ukali, kuliongeza uimara, kwa kuwa ufa haupati pa kuanzia. Kwetu mashoka hayo ni adimu. Chuma nacho kiliwahi: Kagera walikuwa wakikiyeyusha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Ukitoka Kariakoo, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, si mbali. Ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey huko Oldupai tarehe 17 Julai 1959. Nenda ukatazame, na mtoto umchukue.