Nilivyourudia Mto Gura

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini hawakusema kwamba mjukuu wa mvuvi ni mvuvi! Hilo nililitambua Agosti 2024 nilipourudia Mto Gura, kule Nyeri, baada ya miaka sita ya kukaa Nairobi. Niliondoka nikiwa darasa la tano, nikijiona bingwa. Nilirudi nikiwa kidato cha tatu, mkono umesahau kila kitu.

Kwanza nieleze uvuvi wenyewe, maana bwenini huwa nachekwa: "Wewe, samaki atakula manyoya aje?" Samaki tunayemvua ni trauti. Huyu si mwenyeji wa mito yetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland na Ewart Grogan, na mwaka wa 1905 samaki hao wakapandwa katika Gura. Trauti wa aina nyingine, mwenye mstari wa rangi ubavuni, aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1910. Mnamo 1948 kituo cha kuzalisha trauti kilianzishwa Kiganjo. Samaki huyu hutaka maji baridi, safi na yenye hewa nyingi. Ndiyo maana hupatikana kwenye mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, wala si kule chini kwenye joto.

Trauti hula wadudu. Kwa hivyo mvuvi hafungi mnyoo. Hufunga manyoya na uzi kwenye ndoana ndogo hadi ifanane na mdudu. Huyo ndiye nzi wetu. Sasa shida iko hapa: nzi hana uzito, atarushwaje? Katika uvuvi wa kawaida, chambo na kipande cha risasi ndivyo vinavyouvuta mshipi. Katika uvuvi huu mshipi wenyewe ndio mzito, nao humbeba nzi. Mwishoni hufungwa uzi mwembamba ambao samaki hauoni kwa urahisi. Unainua ufito, unausimamisha karibu na sikio, unangoja mshipi unyooke nyuma yako, kisha unausukuma mbele. Usipongoja, mshipi hulia kama mjeledi na nzi hukatika.

Basi siku hiyo Guka aliketi juu ya jiwe. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akinionyesha, lakini siku hizi macho yake yamefifia na hawezi tena kutia uzi kwenye tundu la ndoana. Tulikuwa tumekata leseni, kwani Guka hakubali kukaribia maji bila hiyo karatasi. Niliingia mtoni kwa kishindo, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Mshipi ukaanguka majini pwaa! Nikarusha tena na tena. Nzi wawili walikatika, wa tatu akanasa mtini.

"Kijana," Guka akaniita, "huo mto umekukosea nini? Mbona unauchapa?"

Nilishikwa na aibu. Hakuwa ameona hata mrusho mmoja. Alikuwa akisikiliza tu.

"Toka kwanza. Geuza jiwe uniambie kuna nini."

Nikageuza jiwe. Chini yake kulikuwa na vidudu vidogo vya kahawia. Nikachagua nzi wa rangi hiyo. Kisha akanikumbusha kwamba trauti hukaa akielekea maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo. Hupenda kujibanza nyuma ya mawe, mahali ambapo maji yamepunguza kasi. Kwa hivyo mvuvi humwendea kutoka nyuma, ameinama, kivuli chake kisitangulie majini.

Nikapanda na mto polepole. Nikainua, nikangoja, nikasukuma. Nzi akatua kando ya jiwe bila kelele. Mara mshipi ukakazika!

Alikuwa mdogo, hakufika hata urefu wa kiganja. Nililowesha mikono kabla ya kumshika, kwani mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Nikamtoa ndoana, nikamshikilia akielekea mkondo hadi akapata nguvu, nikamwachilia. Guka akauliza, "Ameenda?" Nikamjibu ameenda. Akacheka.

Tulipokuwa tukirudi nilimwambia kwamba pale tulipozoea kuvua zamani sikupata kitu. Miti ya ukingoni imekatwa na jua linayapiga maji moja kwa moja. Guka alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mimi siwezi kuona tena. Wewe ndiye wa kuangalia."

Ndugu msomaji, nilidhani nimerudi kujifunza kurusha mshipi. Kumbe nilikuwa nimesahau kuangalia. Maji yakipata joto au yakijaa matope, trauti ni wa kwanza kuumia, na anayekuja mtoni mara kwa mara ndiye atakayejua mapema. Likizo ya Desemba nilirudi. Safari hiyo sikubeba ufito peke yake. Nilibeba pia miche kumi ya miti ya kienyeji. Guka aliishika mmoja mmoja, akaniuliza majani yake yana rangi gani.